Taja Mboga Kwanza

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wiki ya mapokezi, katika chuo kimoja jijini Mbeya. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Marahaba, wanangu. Marahaba. Na ninyi mliosimama huko nyuma, marahaba, sogeeni mbele, viti vipo.

Mkuu wa chuo, mama mlezi, viongozi wa serikali ya wanafunzi, wazazi mliosindikiza watoto, na ninyi wenyewe mlioshuka kwenye mabasi juzi na mabegi hamjayafungua. Ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na ninyi wa Tanga na Dar mnaotetemeka hapo, poleni, mtazoea.

Aliyenipigia simu alitaka nije nizungumzie lishe. Nikamwambia lishe ina wataalamu wake, wana vyeti, mimi nina upawa. Nimesimama nyuma ya kaunta za kafteria za vyuo miaka 26, kwanza Iringa halafu hapa Mbeya, mpaka mkono wangu wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Akasema, basi njoo na huo upawa. Nimekuja nao, huu hapa.

Nianze na jambo ambalo ninyi hamlioni, kwa kuwa mnalitazama kutoka upande wa wenye njaa. Saa saba mchana vipindi vinatoka. Dakika chache baadaye watu mia tatu wako mlangoni, na saa nane wanatakiwa darasani tena. Madirisha mawili, watu mia tatu, saa moja. Anayesoma hesabu hapa anipe jibu. Sekunde 24, ahsante. Katika sekunde hizo mtu aseme anachotaka, atoe kuponi, apokee sahani, na akumbuke kama anataka pilipili.

Kwa muda huo mtu hachagui, anataja tu. Na anachotaja ni kile alichosikia mwenzake wa mbele akitaja. Mmoja akisema "wali nyama", wanakuja wali nyama kumi na wawili mfululizo, mpaka atokee mbishi mmoja aseme "ugali dagaa", na hapo ugali dagaa nao wanafuatana kama siafu. Sisi kule ndani tulikuwa tukicheka. Tulikuwa tunaweza kubashiri foleni nzima kwa kumsikiliza mtu wa kwanza.

Sasa niwape siri ya upawa. Sahani ina ukubwa mmoja. Kinachotajwa kwanza ndicho ninachopakua kwanza, na kinachopakuliwa kwanza ndicho kinachopata uwanja. Ukiniambia, "Mama, wali, maharage na mboga kidogo," nitapiga wali pawa mbili, nitaukandamiza maana naona umekonda, nitamwagia maharage, halafu ndipo nianze kutafuta pa kuweka mboga. Pamekwisha. Nitaibandika pembeni kama stempu kwenye bahasha. Sikunyimi, mwanangu. Hakuna nafasi.

Lakini ukija ukasema, "Mama, naomba mboga, maharage, halafu wali," mkono unafuata mdomo. Mchicha unakaa chini, unapata nusu ya sahani au karibu yake, maharage yanachukua pake, na wali unaingia panapobaki, ambapo kwa kawaida bado panatosha. Kuponi ni ileile. Na tafadhali, lile neno "kidogo" liacheni nyumbani. Kwa mpakuaji aliyechoka, "kidogo" ni amri.

La pili linahusu dakika mbili kabla ya kupanga foleni. Ingia, pita mbele ya kaunta ukiwa mikono mitupu, chungulia sufuria moja moja. Hakuna atakayekufukuza. Utaona kwamba mboga ya chainizi ya leo bado ni ya kijani na inang'aa, kwamba ile nyama inaelea kwenye mafuta, kwamba huko mwisho kuna ndizi mbivu ambazo watu hawazifikii kwa sababu wameshalipa. Ukishaamua hapo, foleni haikuamulii. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa ualimu, kijana mrefu, kila siku anapita anachungulia kama mkaguzi wa afya kisha anarudi nyuma kupanga mstari. Wenzake walimcheka muhula mzima. Muhula wa pili walikuwa wanamtuma yeye akachungulie kwa niaba yao.

Nije kwenye pasi ndefu. Naona mmecheka, kumbe neno lenyewe mmeshafundishwa. Mwaka wa pili ni walimu wazuri wa mambo hayo. Kwa wazazi wasiolijua: mtoto anaamka bila chai, mchana anapita mlango wa kafteria kama haujui, mpira uliopigwa golini asubuhi unatua saa mbili usiku. Ukimuuliza anasema anabana bumu, ile posho yake ya mkopo.

Sitawaambia bumu ni kubwa. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, ilikuwa 8,500 kabla ya kupandishwa, na chumba kinatoka humohumo. Wengine mliopo hapa hata hilo bumu hamna, mnasomeshwa na mama anayeuza nyanya. Nalijua hilo, mimi mwenyewe nimesomesha kwa vitumbua. Lakini wapiga pasi nimewaona miaka yote 26 na najua mpira wao unatua wapi. Unatua kwa muuza chipsi. Saa mbili usiku, baridi ya Mbeya imeshaingia kwenye mifupa, tumbo halina kitu tangu jana yake; mtu wa namna hiyo haulizi mchicha. Anasema zege, yaani chipsi zilizokaangwa na mayai, mayai mawili, na soda baridi juu ya baridi. Pesa aliyoibana mchana kutwa ameiacha pale kwenye kikaango, na kesho yake saa mbili asubuhi anasinzia kwenye kipindi.

Kama pesa yako ni ya milo miwili, uweke asubuhi na mchana, wakati kichwa kinafanya kazi. Asubuhi uji wenye karanga zilizosagwa, au chai na kiazi kitamu. Mchana kula kikamilifu. Usiku parachichi na kipande cha mkate kinakufikisha asubuhi. Chipsi sijazikataza, mimi mwenyewe kiepe nakila. Tazama tu mafuta kabla hujaagiza: yakiwa meusi na yanatoa moshi, hayo yamekaanga tangu juzi, tafuta kikaango kingine.

Na kiporo, nilitaka kusahau. Wali uliobaki usiuache kwenye sufuria usiku kucha ukidhani baridi ya Mbeya ni friji. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, vinaamka wali ukikaa vuguvugu, na sumu vinayoiacha haiondoki hata ukiupasha moto asubuhi. Kama huna friji, pika unachomaliza.

Sasa maharage. Hapa mtanivumilia, maana maharage ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine zote.

Mnakula maharage ya mkoa unaoyajua maharage. Hapo Uyole, mnapopita mkitoka Iringa, kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kimetoa mbegu za maharage zinazolimwa nyanda zote hizi. Mkiona sokoni gunia limeandikwa Uyole 96, jina limetoka hapo. Lakini jiji hili liko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa hayachemki kama ya Dar es Salaam. Kule yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi, na hata uongeze kuni namna gani hayapandi tena, yanaishia kugeuka mvuke. Ndiyo maana bibi arusi anayetoka pwani akija huku hulia na sufuria ya maharage siku ya kwanza. Jikoni kwetu tulikuwa tunayaloweka tangu jioni, saa kumi alfajiri maji yale tunayamwaga, tunabandika na maji mapya, na saa sita mchana ndiyo kwanza tunaunga.

Wapo wanaoweka magadi ili yaive haraka. Yanaiva, ni kweli, lakini magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo, na ladha inabaki ya sabuni. Sikuyapenda kamwe.

Nitawasimulia kosa langu, halafu mtanisamehe. Katika chuo kimoja nilichofanya kazi, miaka mingi iliyopita, kuni zilikuja zimelowa mvua. Maharage tuliyabandika saa mbili asubuhi badala ya alfajiri, moto wenyewe wa kubembeleza. Saa saba foleni ikaja. Nilichukua punje moja nikaing'ata: nje laini, katikati inagonga jino. Nilijua. Nikajiambia mchuzi ni mzito, nazi ipo, hawatagundua. Nikapakua. Saa tisa alasiri wakaanza kutapika, na kabla ya jioni benchi la zahanati ya chuo lilikuwa limejaa wanafunzi wameshika matumbo. Hakufa mtu, na kesho yake wote walikuwa wazima, lakini mganga aliniita akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili, ambayo hufa yakichemka sawasawa, na hubaki yakipikwa kwa moto wa kivivu. Tangu siku hiyo, punje ikinigonga jino, sufuria haitoki jikoni hata mkuu wa chuo asimame mlangoni.

Kwa hiyo ninyi mkiletewa maharage yanayogonga jino, rudisheni. Msione aibu. Mwambieni mpakuaji, "Mama, haya bado." Mama mwenye akili atakushukuru.

Mbona nayasema maharage kiasi hiki? Kwa sababu ndicho chakula cha bei nafuu kuliko vyote kwenye kaunta, na wengi wenu mnakikwepa kwa kuwa mlikila miaka minne au sita shule ya bweni. Wali nyama una hadhi, wali maharage unaonekana wa shule. Haya, sikilizeni. Mahindi yana upungufu wa kitu fulani kwenye protini yake, na maharage yanacho hicho. Maharage nayo yanapungukiwa na kitu ambacho mahindi yanacho. Ugali na maharage ni ndoa, na bibi zenu waliifungisha kabla ya maabara. Makande ni ndoa hiyohiyo ndani ya sufuria moja. Ukila nyama vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba juu ya mlima wa wali, na maharage umeyakataa, mwenye hadhi hapo ni nani?

Binti zangu, hili ni lenu zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa kuzaa walikutwa na upungufu wa damu. Ninyi kila mwezi damu inatoka, na madini ya chuma yanatoka nayo. Maharage yana chuma, mchicha na mnafu vina chuma, ila chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini, kinahitaji msukumo. Msukumo wenyewe ni limao, chungwa, pera, kachumbari ya nyanya mbichi. Ukikamulia limao juu ya mboga umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Anayekizuia chuma hicho ni chai. Nasema hivi nikijua mashamba yetu ya Rungwe na Mufindi, sitaki kumwaga unga wa mtu: kunyweni chai, lakini subirini kama saa moja baada ya chakula. Ninyi mnaoshushia maharage kwa chai ya rangi, mnafungua mlango kwa mkono wa kulia na kuufunga kwa wa kushoto.

Soda nitaisema kwa sentensi mbili. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, na hakuna kati yenu ambaye angetia vijiko tisa kwenye kikombe chake mbele ya mama yake. Ukitaka kitu baridi, maji yapo, na matunda yapo.

Sasa niseme jambo linaloniuma kidogo, kwa kuwa mimi ni mtu wa Iringa. Katika utafiti huohuo wa 2022, mikoa iliyoongoza kwa watoto waliodumaa nchini ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Iringa ni karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto. Nchi nzima ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha wengine! Mahindi yetu yanapakiwa usiku na mchana, viazi vya Njombe vinafika mpaka Kariakoo, parachichi letu linapanda meli kwenda Ulaya. Sababu ni nyingi na nyingine ni za maji na za kazi nyingi za akina mama shambani, sitazimaliza hapa. Lakini mojawapo naijua kwa macho: kwetu mtu akijaa ugali anasema amekula. Mtoto anapewa uji mweupe asubuhi, ugali mweupe mchana, ugali mweupe jioni, na yai linapelekwa sokoni.

Ninyi hamdumai tena, urefu wenu mmeshaumaliza, baadhi yenu mmeupitiliza. Ila mna tabia ileile ya sahani nyeupe, nimeiona kwenye foleni. Kijana anajaza ugali wa watu wawili, mchuzi wa kulowanishia tu, anaondoka kifua mbele. Shibe hiyo inamlaza saa nane na nusu katikati ya kipindi. Na kesho keshokutwa ninyi ndio walimu, ndio mabwana shamba, ndio wauguzi wa kule vijijini; mtakachozoea hapa mtakibeba mpaka kwenye sufuria za watoto wenu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu apate gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa lugha ya upawa, ni pawa moja kubwa ya mboga mchana, nyingine jioni, na matunda mawili. Kwa Mbeya hiyo si anasa. Ndizi za Tukuyu zinashuka hapa kwa malori, parachichi msimu wake linauzwa kwa fungu, pichesi zikianza mnaokota chini. Kuna watu wanasoma Ulaya wananunua parachichi moja kwa bei ambayo ninyi mngenunua ndoo.

La mwisho nawaambia ninyi na uongozi kwa pamoja, kwa hiyo mkuu wa chuo naomba usinikasirikie. Kafteria inapika kile inachoona kinakwisha. Hatuna uchawi mwingine. Sufuria ikirudi jikoni na nusu ya mchicha, kesho tunapika nusu. Mkija kulalamika kwamba mboga ni chache, sisi tunakumbuka ile iliyomwagwa jana. Mwaka mmoja kamati ya chakula ya wanafunzi, watoto watano tu, walikuja jikoni saa nne asubuhi, wakati mzuri, sio ule wa foleni. Wakaniuliza, "Mama, kwa nini mboga inakaa mwisho kule karibu na mlango wa kutokea?" Nikasema imekaa hapo tangu nianze kazi. Kwa kweli sikuwa na sababu. Wakaomba tuihamishe iwe sufuria ya kwanza, wali uende mwisho. Mpishi mwenzangu akaguna wiki nzima. Lakini ile sufuria iliyokuwa inarudi na nusu ikaanza kurudi tupu, halafu tukaongeza ya pili. Hakuna aliyehubiriwa. Watu walikuwa wanapokea kile walichokikuta cha kwanza.

Nimepita kwenye kafteria yenu asubuhi hii kabla ya kuja hapa. Wali uko wa kwanza. Mboga iko mwisho, nyuma ya ndoo ya juisi. Mwenyekiti wa kamati ya chakula nasikia bado hajachaguliwa. Atakayechaguliwa, nimeacha namba yangu kwa mama mlezi.

Nimeonja na maharage yenu. Yameiva vizuri, aliyeyabandika alijua kazi yake, ila chumvi imemponyoka kidogo, nimeshamwambia aongeze maji ya moto na nyanya. Naona saa sita na nusu inakaribia. Msitoke wote mara moja. Mstari huu wa kushoto watangulie, wakachungulie.